Sifa za Mwombaji na Amri ya Nane

Vijana wengi wa sharika zetu waliomaliza masomo ya vyuo huitwa kwenye usaili wa kazi, na kabla ya kusafiri huja kwa wazee wao, kwa wainjilisti na kwa wachungaji, ili waombewe na kupewa shauri. Maswali yao ni mengi, lakini liko moja lirudilo mara kwa mara, tena huulizwa kwa sauti ya chini, mtu akiwa amekwisha kusimama kwenda zake: Je, ni halali Mkristo ajisifu mbele ya wale wanaomhoji? Na akiulizwa kama amewahi kufanya kazi fulani, naye hajaifanya, je, ni dhambi kuitikia, ikiwa moyoni amekusudia kujifunza upesi akiisha kuajiriwa? Twaona swali hili lastahili kujibiwa kwa utaratibu, maana wanaoulizwa ni ninyi mnaosoma gazeti hili, na majibu tunayosikia yakitolewa hayapatani.

Tutalitazama kwa habari ya kazi moja tu, nayo ni ya mhandisi wa mazingira aliye mwanzoni mwa kazi yake. Si kwamba kazi hiyo ni bora kuliko ya mwalimu au ya muuguzi; ila ndani yake neno la mtu mmoja na uhai wa watu wengine vimekaa karibu sana, na kwa hiyo jambo lenyewe laonekana wazi zaidi.

Mhandisi wa mazingira ni mtu apimaye na kutengeneza vitu ambavyo wote huvitegemea na wachache huvifikiri: maji ya kunywa tangu chemchemi au kisima hata bombani, maji machafu yatokayo chooni, hospitalini na kiwandani, takataka za mji na mahali pa kuzitupa, hata moshi tunaouvuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yaamuru miradi ya namna nyingi ichunguzwe kwanza itakavyoathiri nchi na watu kabla haijaanza, na uchunguzi huo huwahusu watu kama hawa. Kijana husoma miaka minne, kwa mfano katika Chuo Kikuu Ardhi mjini Dar es Salaam, na akipata shahada yake bado hajahesabiwa kuwa mhandisi kamili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi humwandikisha kwanza kuwa mhandisi mhitimu, naye kwa kawaida hutumika kama miaka mitatu chini ya uangalizi wa wenye ujuzi, ndipo aombe kuandikishwa kuwa mhandisi mtaalamu. Neno hili la miaka mitatu mlikumbuke, maana litatufaa hapo mbele. Ila kabla ya hayo yote hana budi kupata mahali pa kuanzia, na mlango wa mahali hapo ni mwembamba. Nafasi moja hugombewa na watu wengi. Katika kazi za serikali mara nyingi hufanywa mtihani wa kuandika ili kuwapunguza, na waliobaki huitwa mmoja mmoja mbele ya meza, ambako wasaili wameketi na karatasi zao wakiandika alama. Mazungumzo hayo mara nyingi hayachukui hata saa moja. Nyuma ya kijana yule wapo wazazi waliouza ng'ombe, au shangazi aliyekopa katika kikundi chake, ili ada ilipwe. Wapo na wadogo zake wanaongoja zamu yao. Mtu asiyekumbuka hayo asitoe shauri juu ya kweli na uongo mahali pale, maana atanena mepesi.

Lugha yetu yenyewe imetutega katika jambo hili. Tangazo la kazi huandikwa "Sifa za mwombaji", na maana yake ni yale aliyo nayo mtu: elimu, ujuzi, umri. Lakini sifa ni neno lile lile tulitumialo tukimtukuza Mungu, na tena tukimsuta mwenye majivuno, tukisema kwamba anapenda sifa. Hata karatasi ambayo mwombaji huandika habari zake huitwa wasifu, nalo ni ndugu wa neno hilo. Basi kijana aliyelelewa katika nyumba ya Kikristo, aliyefundishwa tangu shule ya Jumapili kwamba asijisifu, aambiwa aeleze sifa zake. Husikia neno moja likiwa na maana mbili, akatahayari, akanyamaza au akaropoka. Tukizitenga maana hizo, nusu ya taabu imekwisha. Sifa ya kwanza ni kitu kilichomo ndani ya mtu, chaweza kupimwa, hata asiponena kipo. Sifa ya pili ni kile mtu anachoongeza juu ya hicho. Kuitaja ile ya kwanza si majivuno, kama vile mzani usivyojivuna uonyeshapo kilo kumi.

Wazee hupenda kuwatolea vijana mithali, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni mithali njema, lakini ni ya sokoni, ambapo mnunuzi aweza kulishika embe na kulinusa. Ujuzi wa mtu haunusiki. Wasaili hawakumwona akiwa katika maabara, wala hawakumwona akisimama katika matope kando ya bwawa la maji machafu. Wanayo karatasi na kinywa chake, basi. Asiponena hawatendei haki, maana wameitwa kuchagua naye amewanyima cha kuchagulia. Ndiyo sababu hatuwezi kukubaliana na wale wasemao kwamba Mkristo aende kule akainamishe kichwa na kujibu kwa neno moja moja, kisha amwachie Bwana mengine. Twajua kwamba Mithali 27 hufundisha ya kuwa sifa ya mtu na itoke kinywani mwa mwingine. Sisi twalielewa fundisho hilo juu ya mtu ajitangazaye bila kuulizwa, si juu ya mtu aulizwaye na wale wenye haki ya kuuliza.

Katika Maandiko yamo mahojiano ya kazi yaliyo mafupi sana, na wasomaji wengi huyapita bila kuyaona. Ni katika Mwanzo 47. Ndugu za Yusufu wasimamishwa mbele ya Farao, wageni, tena wenye njaa, na Farao awauliza swali moja tu, kazi yao ni nini. Yusufu alikuwa amewatayarisha mapema. Aliwaambia swali litakalokuja na jinsi ya kulijibu, tena akawajulisha ya kuwa Wamisri huwachukia wachunga kondoo. (Sisi tulio wachungaji wa namna nyingine twasoma hapo na kutabasamu.) Nao wakajibu kwamba ni wachunga kondoo, wao na baba zao. Kutayarishwa, basi, si udanganyifu. Kijana akae na mwenzake jioni, waulizane maswali, ajizoeze kunena bila kutetemeka, ajue habari za ofisi ile aendayo. Hayo yote ni kazi halali. Lakini tazameni tena: watu hawa walikuwa na kila sababu ya kujiita kitu kingine, maana njaa ya nyumba nzima ilikuwa migongoni mwao, nao walitaja kazi waliyoijua hata ikiwa yadharauliwa. Na Farao alimwambia Yusufu kwamba wakiwamo watu hodari miongoni mwao awaweke juu ya wanyama wake mwenyewe. Kama wangalijiita waashi, wangalipelekwa kwenye majengo, na huko wangalifanya nini?

Turudi kwa mhandisi wetu. Wasaili wamwuliza kama amewahi kupima maji machafu. Kiko kipimo kimoja ambacho kila mwanafunzi wa kazi hii hukijua kwa kitabu. Maji hujazwa katika chupa hata isibaki hewa, na oksijeni iliyoyeyuka ndani yake hupimwa. Kisha chupa huwekwa gizani siku tano katika joto la nyuzi 20, na oksijeni hupimwa mara ya pili. Vijidudu vilivyomo hula uchafu, na vilapo huitumia oksijeni; basi kadiri oksijeni ilivyopungua ndivyo uchafu ulivyokuwa mwingi. Mtu aweza kuyaeleza hayo vizuri kama tulivyoyaeleza sisi, ambao hatukuishika chupa hiyo hata siku moja. Lakini yuko aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake, akajua ya kuwa maji machafu sana yasipozimuliwa kwanza kwa maji safi, oksijeni yote huisha kabla ya siku ya tano na kipimo chapotea. Yuko aliyesimama nyuma ya mwenzake akitazama. Na yuko aliyesoma. Hao ni watu watatu mbalimbali, na lugha yetu ina maneno ya kutosha kuwatenga: nimefanya, nimeona ikifanywa, nimesoma. Shauri letu kwa kijana ni kwamba siku ya kujitayarisha achukue karatasi, aandike kila jambo la masomo yake na la mafunzo kwa vitendo chini ya mojawapo la maneno hayo matatu, kisha asilihamishe hata moja akiwa mbele ya meza.

Liko kosa la upande wa pili, nalo huonekana zaidi kwa vijana waliolelewa vema. Wamezoea kusema "tulifanya". Tulipima kisima, tulichora bwawa, tuliandika taarifa. Kwetu hiyo ni adabu, na mtu asemaye "mimi, mimi" huchekwa. Lakini msaili aulizapo, "Wewe ulifanya nini?" hataki kuivunja adabu hiyo; ataka kujua kama kijana huyu ndiye aliyeshika kipimo au ndiye aliyebeba chupa. Kama ndiye aliyebeba chupa, na aseme, maana maji yaliyochotwa ovyo huharibu kipimo chote, na mwenye kuchota kwa uangalifu ana la kusimulia. Na kama ndiye aliyefanya hesabu zote wenzake wakilala, kisha akasema "tulifanya", amesema uongo mdogo wa unyenyekevu, na uongo huo nao ni uongo. (Gazeti hili nalo husema "sisi", wala hatutashangaa msomaji akituuliza swali lile lile.)

Swali linalotusumbua sisi wachungaji kuliko mengine ni lile la udhaifu. Wasaili wengi humwuliza mtu, Udhaifu wako ni nini? Vijana hufundishana jibu lake: aseme kwamba hujitaabisha kwa kazi kupita kiasi, au kwamba hawezi kulala kazi isipokamilika. Hilo ni ungamo la mzaha. Mtu huivika sifa yake nguo za dhambi, akaileta mbele ya watu ili isamehewe. Tena wasaili wamekwisha kulisikia jibu hilo mara nyingi hata halina ladha. Lakini hatusemi kwamba afungue moyo wake wote. Meza ile si madhabahu, wala wasaili hawakupewa funguo za kumfungulia mtu dhambi zake. Yako mambo ya nyumbani, ya majonzi, ya miaka iliyopita, ambayo hawana haki ya kuyajua, na mtu akiyanyamazia hakudanganya. Kunyamaza na kudanganya ni vitu viwili, ingawa hukaa mtaa mmoja. Wanayo haki ya kuujua udhaifu uihusuo kazi. Pengine hajawahi kutumia chombo fulani. Pengine huandika Kiingereza polepole. Pengine huogopa kusimama mbele ya mkutano wa kijiji, naye mhandisi huyu atatumwa mara nyingi kwenye mikutano hiyo kuwaeleza watu habari za kisima chao. Ataje mmoja ulio wa kweli, na aseme afanya nini juu yake.

Ndipo twafika kwenye neno "sijui", ambalo vijana huliogopa kama mlango wa kutokea. Tulisema mlikumbuke neno la miaka mitatu. Miaka hiyo iliwekwa kwa sababu wakubwa wa kazi ya uhandisi wamekwisha kujua ya kuwa mhitimu hajui. Kazi ya mlangoni ni ya mtu ajuaye kidogo na akubaliye kufundishwa. Basi ajifanyaye kujua hujiondoa mwenyewe katika ulinzi ule, maana hakuna atakayemfundisha jambo alilosema analijua, naye ataona haya kuuliza. Hapa ndipo lilipo jibu la yule anayekusudia kujifunza upesi akiisha kuajiriwa: kwa uongo wake amejifungia mlango aliokusudia kuupitia. Ataketi mbele ya chombo asichokijua, usiku, akitazama kwenye simu jinsi kinavyowashwa, na asubuhi ataandika namba.

Wala hatusemi kwamba "sijui" tupu yatosha. Wasaili wakimwuliza habari ya samaki waliokutwa wamekufa katika mto chini ya kiwanda, hawatazamii ajue sababu. Mwenye haraka atasema kiwanda kina hatia, akidhani ndivyo mpenda mazingira apaswavyo kusema, kumbe naye ametoa ushuhuda bila kushuhudia. Mwenye kweli atasema, sijui bado, lakini nitachota maji juu ya kiwanda na chini yake, nitaandika mahali na saa, nitapima oksijeni pale pale mtoni kwa kuwa haingojei safari ya kwenda maabara, nitawauliza wavuvi siku waliyoona samaki wa kwanza. Jibu la namna hiyo lina "sijui" ndani yake, nalo ni la mtu ajuaye kazi.

Kijana mmoja mwenye akili alitujibu hivi: Amri ya Nane, kwa hesabu ya Katekisimo yetu, yakataza ushuhuda wa uongo juu ya jirani, mimi nimesema uongo juu ya nafsi yangu, basi jirani yuko wapi? Twamshukuru kwa swali hilo, maana latupeleka kwenye kiini. Jirani wa kwanza yuko nje ya mlango, ameketi kwenye benchi na bahasha ya vyeti magotini. Naye ana ng'ombe waliouzwa. Kila alama iliyopatikana kwa kitu kisichokuwapo imetolewa katika mkono wake. Jirani wa pili hayuko pale, wala hajui kwamba usaili unafanyika. Ni yule atakayekunywa maji.

Washarika wetu wa chini ya Meru na wa tambarare za Kilimanjaro wanalijua jambo hili kwa meno yao. Maji ya sehemu nyingi za huko huwa na floraidi nyingi itokayo katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeshauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Ikizidi sana, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na ikizidi mno kwa miaka mingi mifupa hudhurika. Kuchemsha hakuiondoi. Floraidi ya kiasi hicho haionekani, wala haina harufu, wala ulimi hauitambui. Mama atekaye maji hana namna ya kumhukumu mhandisi. Hana ila namba iliyoandikwa na mtu aliyesema kwamba alipima. Twaweza kunena kwamba hanywi maji tu, hunywa na neno la mtu yule. Mwashi akijenga vibaya ukuta huonyesha ufa. Huyu akisema vibaya hakuna kitu kionyeshacho, mpaka mtoto aote meno.

Lililotokea katika Walkerton, mji mdogo wa jimbo la Ontario nchini Kanada, lastahili kusimuliwa katika kila chuo. Mnamo Mei 2000 mvua kubwa ilichukua samadi ya ng'ombe ikaingia katika kisima kifupi kilichoulisha mji. Watu zaidi ya 2,300 wakaugua, katika mji wa watu wapatao 4,800, na saba wakafa. Jaji Dennis O'Connor alichunguza jambo hilo, na sehemu ya kwanza ya taarifa yake ikatolewa mwaka 2002. Ikaonekana kwamba waliosimamia maji walikuwa ndugu wawili ambao hawakupata mafunzo rasmi. Walikua katika kazi hiyo, na vyeti vyao walipewa kwa ajili ya miaka waliyoitumikia, bila kufanyiwa mtihani. Kila siku iliwapasa kupima klorini iliyobaki katika maji. Kipimo hicho ni mlinzi, maana uchafu ukiingia hula klorini, nayo ikipungua ghafula mtu ajua kuna adui. Wao kwa muda mrefu siku nyingi hawakupima, bali waliandika kitabuni namba za kubuni, kwa kawaida 0.5 au 0.75. Jaji alisema kwamba kama kipimo hicho kingalifanywa kila siku kisimani pale, uchafu ungaligunduliwa kwa muda wa saa 24, na ugonjwa usingalienea kama ulivyoenea. Mkubwa wao alipopata habari kutoka maabara ya kuwa maji yana vijidudu, akawaficha maofisa wa afya walipomwuliza. Mwaka 2004 mahakama ilimhukumu kifungo cha mwaka mmoja, na ndugu yake kifungo cha nyumbani cha miezi tisa.

Msiwadhanie kuwa wauaji. Wao wenyewe waliyanywa maji yale, wakiamini kwamba ni mazuri. Hilo ndilo la kutisha. Hawakuandika uongo ili kumdhuru mtu. Waliuandika kwa sababu waliona ni jambo dogo, desturi ya kazi, mstari wa kujazwa. Tena tazameni kwamba hapana aliyewauliza mambo ya kazi yao na kungoja jibu. Vijana huuona usaili kuwa adui anayesimama kati yao na mshahara, nasi twawaelewa. Lakini meza ile, ikitumiwa kwa haki, ni ukuta wa kwanza kati ya mji na kisima kibaya.

Na wasaili wengine huuliza swali la mwisho, wakidhani ndilo gumu: mkuu wako akikuagiza uandike kwamba maji ni safi, nawe umeona si safi, utafanyaje? Kila mtu hujibu kwamba atakataa. Jibu hilo halimgharimu kitu mtu yeyote, na sisi kama tungalikuwa wasaili tusingalilipa alama nyingi. Jibu la kweli amekwisha kulitoa nusu saa iliyopita, alipoulizwa habari ya chupa za siku tano. Pale hapakuwa na mkuu wa kumlazimisha. Palikuwa na haja ya kazi tu, nayo haja ndiye mkuu mkali kuliko wote. Aliyeinama mbele yake katika neno la chupa, atapata wapi mgongo wa kusimama mbele ya mwajiri?

Sasa watu watatuambia: mnayosema ni mazuri, lakini waongo wanapata kazi na wakweli wanarudi nyumbani. Twakiri kwamba hutokea. Wako wasaili wasioweza kutofautisha ulimi na ujuzi, na wako waliokwisha kuchagua kabla ya mtu kuingia, wakimtafuta mwana wa ndugu yao. Hatukupewa ahadi yoyote ya kumpa kijana kwamba akisema "hilo nimelisoma tu, sijalifanya" ataajiriwa. Atakayemwahidi hivyo amemwongopea kwa jina la Mungu, na hilo ni baya kuliko uongo wa usaili. Amri haikutolewa kwa kuwa yalipa. Hata hivyo twaona kwamba kanisa lina deni hapa ambalo halijalipwa. Tunamfundisha kijana kusema kweli, anakwenda, anasema, anakosa. Akirudi, twampa pole mlangoni, na Jumapili ifuatayo twamsifu hadharani yule aliyepata, bila kuuliza alipataje. Mwenye kuketi nyumbani mwaka wa tatu aliona hayo yote kutoka benchi la nyuma. Akienda mara ya nne na kusema uongo, je, ni yeye peke yake aliyeusema?

Basi tutaje machache yaliyo mikononi mwetu. Jumuiya zaweza kumchangia nauli mtu huyo mara ya pili na ya tatu kama ya kwanza, maana kwenda mjini na kulala huko ni gharama. Wakristo walio wahandisi, nao wako katika sharika nyingi za mijini, waweza kumchukua aende pamoja nao siku moja kwenye mabwawa au maabara, kwa ruhusa ya wakubwa wao, ili neno moja katika karatasi yake lihame kwa haki kutoka "nimesoma" hadi "nimeona ikifanywa". Na sisi wachungaji tunaoombwa barua za kumshuhudia mwombaji tuziandike kwa amri ile ile. Barua isemayo kwamba kila kijana wa usharika ni mwaminifu, mchapakazi na mcha Mungu, kwa maneno yale yale na muhuri ule ule, haimshuhudii mtu. Afadhali mistari mitatu ya mambo tuliyoyaona: kwamba alitunza fedha za kwaya miaka miwili na hesabu zikapatana, kwamba huchelewa, kwamba akikosolewa hanuni. Wengine watasema neno la kuchelewa litamharibia. Huenda. Lakini msomaji wa barua akiliona ataamini na lile la hesabu.

Na Jumapili tuwasimamishapo mbele ya madhabahu kuwaombea safari, tumwombee na yule mwingine wa benchi, ambaye labda ni wa usharika wa pili yake, naye asubuhi hiyo hiyo amesimamishwa kule na kuombewa nafasi ile ile.